Joto Lililofika Kabla ya Kilimia

Tarehe 24 Mei 2025, kipimajoto cha Sweihan, mji mdogo ulio jangwani katika Abu Dhabi, kilisoma nyuzi 51.6 za Selsiasi. Siku moja kabla ya hapo, sehemu nyingine ya Abu Dhabi ilikuwa imefika 50.4. Kwa jangwa la Ghuba nambari hizo si ngeni. Mwezi wa saba na wa nane watu wa huko huzitarajia, kama sisi wa Nairobi tunavyotarajia baridi ya Julai na kufufua masweta. Kilichoshtua ni tarehe. Ilikuwa bado Mei.

Milki za Kiarabu zina sheria ya kuwalinda watu wanaofanya kazi juani. Kila siku, kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kazi ya nje inasimama, na mwajiri anayekaidi anatozwa faini ya dirhamu 5,000 kwa kila mfanyakazi. Ni sheria nzuri, na imekuwepo tangu 2005. Shida ni kwamba huanza tarehe 15 Juni. Kati ya joto la Sweihan na kivuli cha sheria kulikuwa na siku 22.

Siku hizo 22 ndizo zimenifanya niandike. Vijana wengi tunaowajua wako huko: masoja wa mageti, watu wa mjengo, wanaopeleka chakula kwa pikipiki, wanaoosha vioo vya maghorofa. Na sisi huku tukisikia utabiri wa joto jangwani, jibu letu ni moja: "Si ni jangwa? Kwani walitarajia nini?" Kusema ukweli, swali hilo lina jibu refu, na kuna watu waliolipa kwa maisha yao ndipo jibu likapatikana. Historia ya joto la jangwani, ukiifuata vizuri, inaonyesha kwamba joto hatari kwa mfanyakazi ni lile linalomkuta kabla mwili wake haujalizoea, hata kama si lile kali kuliko yote ya mwaka.

* * *

Kabla ya kuwa na wizara ya kazi au idara ya utabiri, watu wa Ghuba walikuwa na nyota. Kuna kundi la nyota ambalo Waarabu wanaliita Thurayya. Sisi tunaliita Kilimia, jina linalotokana na kulima, kwa sababu wakulima wa huku walilitazama kujua msimu wa mvua na wa jembe. Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Aprili, Kilimia hupotea machoni kwa wiki kadhaa kwa sababu kinakuwa upande mmoja na jua. Mwanzoni mwa Juni hurudi, kikaonekana mashariki alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza. Kwa mtu wa jangwa la Arabuni, kurudi huko kulikuwa tangazo kwamba joto lenyewe limeingia. Lingeendelea hadi mwishoni mwa Agosti, wakati nyota ya Suhail ilipochomoza upande wa kusini. Nyota hiyo manahodha wa pwani yetu wanaijua kama Suheli, na neno hilo hilo wamelitumia kumaanisha kusini.

Utabiri huo ulikuwa na uzito kwa sababu watu walipanga maisha juu yake. Familia za pwani ya Ghuba zilizokuwa na uwezo zilifunga mizigo na kuhamia penye maji na mitende, sehemu kama Al Ain na Liwa, zikakaa kivulini hadi tende ziive na kuvunwa. Vibanda vya makuti ya mtende vilipitisha upepo. Tusidanganyane, lakini, kwamba zamani kila mtu alikuwa kivulini. Msimu huo huo maelfu ya wanaume walikuwa baharini wakizamia lulu, kazi ngumu ya kutwa nzima, na wengi wao walikuwa na madeni ambayo hayakuisha.

Ninachotaka ukione hapa ni kwamba kuliwekea joto kalenda halikuwa jambo la kipumbavu. Watu waliangalia mbingu na ardhi kwa vizazi na kuona kwamba viwili hivyo vinakwenda pamoja. Sidai kwamba aliyeandika 15 Juni kwenye sheria alikuwa anatazama nyota. Ila tarehe yenyewe inakaa mle mle, muda mfupi baada ya Kilimia kurudi, pale ambapo uzoefu wa zamani ungeiweka.

Sasa nyota hazivunji miadi. Kilimia kitarudi Juni mwaka huu, na mwaka ujao, na baada yetu. Joto ndilo limeanza kuwahi. Mwaka huo wa 2025, Aprili ilikuwa tayari imevunja rekodi katika Milki: wastani wa joto la juu la kila siku ulifika nyuzi 42.6, Aprili ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa huko. Na tarehe 24 Mei, Sweihan ikichemka, Kilimia kilikuwa bado kimejificha nyuma ya jua.

* * *

Ili tujue kwa nini wiki chache zinaweza kuwa suala la kufa na kupona, inabidi tuhame jangwa kwa muda. Twende Mojave, Marekani, mwaka 1931, kwa sababu huko joto lilitokea kuwakuta watu wengi kwa pamoja wakiwa wageni.

Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Serikali ya Marekani ilikuwa imeamua kujenga bwawa kubwa kwenye Mto Colorado, katika korongo la Black Canyon, mpakani mwa Nevada na Arizona. Leo linaitwa Hoover Dam. Mpango wa kwanza ulikuwa na akili: mji wa wafanyakazi, Boulder City, ujengwe kwanza, halafu kazi ya bwawa ianze Oktoba, jua likiwa limepungua makali. Lakini watu wasio na kazi walikuwa wengi mno, na Rais Herbert Hoover akaamuru kazi ianze Machi. Kwenye karatasi ilikuwa huruma. Las Vegas, mji wa watu kama 5,000 wakati huo, ukavamiwa na watu kati ya 10,000 na 20,000 waliokuja kutafuta kibarua.

Nyumba hazikuwepo. Waliofika na familia zao walijikunyata kwenye mahema na vibanda kando ya mto. Jina rasmi la kijiji hicho lilikuwa Williamsville, lakini wenyewe walikiita Ragtown, yaani Mji wa Matambara. Kama unaijua Mukuru kwa Njenga, picha unayo tayari, isipokuwa hapa toa mvua na uweke mwamba unaoakisi jua pande zote mbili.

Kisha kiangazi kikaingia. Joto la juu la mchana lilikuwa wastani wa nyuzi 48.8. Kati ya 25 Juni na 26 Julai 1931, watu 16, wafanyakazi pamoja na wakazi wengine wa kando ya mto, walikufa kwa joto. Ni mwezi mmoja tu huo. Kama kazi ingeanza Oktoba jinsi ilivyopangwa, watu hao wangekutana na jua la Julai wakiwa wamekaa huko miezi tisa, wakilala kwenye mji wenye maji na paa. Kalenda ilisogezwa, na miili ya watu ikaachwa ijitafutie.

Mwezi wa Agosti, kampuni ilipopunguza mishahara ya waliochimba mahandaki, wafanyakazi waligoma. Waliunda kamati, wakaandika madai yao na kumpelekea msimamizi mkuu, Frank Crowe. Jibu lake lilikuwa kusimamisha kazi na kufukuza karibu kila mtu. Nje ya lango kulikuwa na maelfu wanaosubiri nafasi, kwa hiyo mgomo uliisha bila dai hata moja kukubaliwa, isipokuwa ahadi kwamba mishahara haitakatwa tena. Watu weusi walioajiriwa kwenye mradi huo hawakuwahi kuzidi 30, katika kazi iliyofikia wafanyakazi zaidi ya 5,000. Waliwekwa kwenye kikundi chao, kwenye ngazi za chini za malipo, na wakapewa ndoo zao za maji ili wasinywe pamoja na wazungu. Kwenye jangwa la nyuzi 48, mtu alipata nguvu ya kubagua ndoo ya maji.

Kiangazi kilichofuata, cha 1932, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifika Boulder City. Walikuwa wa maabara iliyochunguza uchovu wa mwili, na kati yao alikuwamo David Bruce Dill. Walipima jasho la wafanyakazi na kuangalia waliokuwa wakishikwa na mikakamao ya misuli. Walichokikuta kinaonekana kidogo ukikisikia leo: mtu anayetoka jasho jingi anapoteza chumvi pamoja na maji, na akinywa maji matupu pekee anaweza kuzidi kuumwa. Pia iligundulika kwamba jasho la mtu aliyezoea joto huwa na chumvi kidogo kuliko la mgeni. Mwili ulikuwa unajifunza kubana matumizi.

* * *

Somo la jinsi mwili unavyojifunza lilikamilishwa Afrika, chini ya ardhi, na wanaume ambao huenda baadhi yao walikuwa wazee wa majirani zetu.

Migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, karibu na Johannesburg, ilikuwa imechimbwa kwenda chini hadi mwamba wenyewe ukawa moto. Tena ilibidi maji yanyunyizwe ili vumbi lisiharibu mapafu, kwa hiyo joto la huko lilikuwa na mvuke. Si jangwa, lakini mwili unaoteseka ni ule ule. Katika miaka ya 1920 wachimbaji walianza kufa kwa kiharusi cha joto. Daktari wa mgodi wa City Deep, Aldo Dreosti, akaanza kuwaingiza wafanyakazi wapya kwenye chumba cha joto, akiwafanyisha kazi na kuwapima, kuona nani anastahimili na nani hapana. Mwaka 1935 alichapisha matokeo yake. Ujumbe wake kwa wenye migodi: msimtupe mgeni kwenye joto siku ya kwanza, mwingizeni pole pole kwa siku kadhaa.

Baadaye migodi ilijenga vyumba maalumu vya joto. Wageni walipanda na kushuka vibao kwa mdundo mmoja, saa baada ya saa, siku baada ya siku kwa zaidi ya wiki, kabla ya kuteremshwa chini. Nani walikuwa wakipanda vile vibao? Wanaume wa Msumbiji, Lesotho, Malawi, na hata Tanganyika, ambako shirika la kuandikisha vibarua ambalo watu waliliita Wenela lilichukua vijana wa kusini hadi serikali ya uhuru ilipokomesha. Usidhani wenye migodi walikuwa wameshikwa na huruma. Mchimbaji akianguka, dhahabu haitoki. Lakini namna hiyo, kwa sababu mbaya, dunia ilipata ujuzi mzuri ambao vitabu vya tiba vinautumia mpaka leo.

Ujuzi wenyewe ni huu. Mtu akifanya kazi kwenye joto kila siku, mwili wake hubadilika ndani ya wiki moja hadi mbili. Sehemu ya majimaji ya damu huongezeka. Moyo hupiga taratibu zaidi kwa kazi ile ile. Jasho huanza mapema na kutoka kwa wingi, likiwa na chumvi kidogo. Hayo yakishatokea, joto ambalo lingemwangusha Jumatatu ya kwanza analimudu Jumatatu ya tatu. Akikaa mbali na joto, mabadiliko hayo yanaanza kupotea baada ya siku chache, na katika mwezi mmoja hivi yanakuwa yameisha karibu yote.

Hapa hakuna suala la rangi wala la "sisi Waafrika tumezoea jua". Mtu wa Lodwar akikaa Nairobi miezi sita, mwili wake unakuwa wa Nairobi. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mei ya huku ni matope na mawingu, nyuzi 23 au 24 mchana. Panda ndege JKIA mwezi huo na baada ya saa tano hivi unashuka kwenye jangwa lenye nyuzi 40 na kitu. Pasipoti yako imefika. Mwili wako bado uko Umoja Innercore.

* * *

Kipande cha tatu cha ujuzi kilitoka jeshini. Katika miaka ya 1950, kambi ya Parris Island, South Carolina, ambako wanamaji wa Marekani hupata mafunzo, ilikuwa ikipoteza makurutu kwa joto kila kiangazi. Daktari wa jeshi la majini David Minard na mtafiti Constantin Yaglou walitafuta namna ya kujua siku ipi ni salama kukimbiza watu na ipi si salama. Waliona kwamba kipimajoto cha kawaida kinadanganya, maana hakijui kama jua linakuchapa utosini wala kama jasho lako linakauka.

Kwa hiyo walichanganya vipimajoto vitatu. Cha kwanza kimefungwa kitambaa chenye maji, kinaonyesha jasho linaweza kupoza mwili kiasi gani. Cha pili kiko ndani ya tufe jeusi, kinaonyesha ukali wa jua. Cha tatu ni cha kawaida, kivulini. Kile cha kwanza kinapewa asilimia 70 ya uzito, cha pili 20, cha tatu 10. Jumla yake inatoa nambari moja, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 1957. Nambari ikipita kiwango fulani, mazoezi yanapunguzwa au yanasimamishwa. Na kurutu mgeni aliwekewa masharti makali kuliko aliyekwisha kuzoea. Kipimo hicho hakiulizi leo ni tarehe ngapi.

Ukiviweka pamoja vipande hivi vitatu, utaona kwamba kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mambo makubwa yalikuwa yanajulikana. Maji na chumvi, kutoka Mojave. Kumzoesha mgeni pole pole, kutoka Witwatersrand. Kupima joto lenyewe badala ya kulikisia, kutoka Parris Island. Kilichobaki kilikuwa kuviandika kwenye sheria inayomlinda mtu wa kawaida mwenye koleo.

* * *

Ghuba ilipoanza kuandika sheria hizo, mafuta yalikuwa yamegeuza vijiji vya lulu kuwa miji ya vioo, na waliokuwa wakiijenga walikuwa wageni: Wahindi, Wanepali, Wapakistani, Wabangladeshi, na siku hizi Wakenya na Waganda. Nchi karibu zote zilichagua kalenda. Milki na Saudia, 15 Juni hadi 15 Septemba. Kuwait, 1 Juni hadi mwisho wa Agosti, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni. Oman, Juni hadi Agosti. Kalenda ina raha yake. Foremani anaielewa, mkaguzi anaielewa, hakuna kubishana kuhusu kipimajoto cha nani ndicho sahihi. Usiidharau, imeokoa watu.

Qatar nayo ilianza hivyo hivyo mwaka 2007, 15 Juni hadi mwisho wa Agosti. Kisha likaja Kombe la Dunia na macho ya ulimwengu. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa vifo vya wafanyakazi Wanepali nchini humo kati ya 2009 na 2017. Kulikuwa na vifo 1,354, na 571 kati yake vilihusu moyo na mishipa ya damu. Hao walikuwa vijana kwa sehemu kubwa, na vifo hivyo vilipanda na kushuka pamoja na joto. Mwaka 2021 Qatar ikabadilisha sheria. Iliongeza siku, 1 Juni hadi 15 Septemba. Iliongeza saa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Na ikaweka kifungu kimoja ambacho mimi nakiona kama mwisho wa safari iliyoanzia Black Canyon: kipimo kile cha vipimajoto vitatu kikizidi 32.1, kazi inasimama, haijalishi ni saa ngapi. Usiichukulie kuwa nyuzi 32 za kawaida kama za Mombasa mwezi wa Februari. Kwenye hewa kavu ya jangwa na jua la wazi, kiwango hicho kinaweza kufikiwa kipimajoto cha kawaida kikiwa kimepita 40.

Kuandika kifungu ni jambo moja, na kukifuata kwenye mjengo saa nne asubuhi ni lingine. Hata hivyo, ni kifungu kinachoweza kufanya kazi Mei.

Marekani nayo, pamoja na kuwa nyumbani kwa nusu ya ujuzi huu, haikukimbia. Idara yake ya usalama kazini ndiyo inayotuambia kwamba karibu nusu ya vifo vya wafanyakazi vinavyotokana na joto hutokea siku ya kwanza kazini, na zaidi ya asilimia 70 katika wiki ya kwanza. Soma tena sentensi hiyo. Siku ya kwanza. Ushauri wao ni kwamba mgeni afanye asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 kila siku. Pendekezo la kuufanya ushauri kama huo kuwa sheria ya nchi nzima lilichapishwa rasmi Agosti 2024, miaka 93 baada ya Ragtown.

Upande wa utabiri wamepiga hatua. Aprili 2024 idara yao ya hali ya hewa ilisambaza nchi nzima ramani inayoonyesha hatari ya joto kwa rangi, kuanzia kijani hadi zambarau. Uzuri wake ni kwamba haiangalii nambari peke yake. Inauliza pia kama joto hilo ni la kawaida kwa mahali hapo na kwa wakati huo wa mwaka. Kwa hiyo nyuzi zile zile zinazopewa rangi ya njano Julai huko Nevada zinaweza kupewa rangi nzito zaidi mwanzoni mwa Mei. Utabiri, hatimaye, umeanza kujua kwamba kuna watu ambao miili yao bado haijafika.

* * *

Mei hiyo ya Sweihan, binamu yangu alikuwa na siku tatu tu huko. Alikuwa soja kwenye geti la mjengo, zamu ya mchana, kiti cha plastiki na mwavuli. Alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp: "Buda, huku upepo wenyewe unachoma." Alicheka, mimi pia nikacheka. Siku ya tatu macho yalianza kumzunguka na akaacha kutoka jasho. Alijua kuna sheria ya mapumziko, maana ajenti alikuwa amemwambia. Hakuambiwa inaanza lini. Mzee mmoja Mnepali, mtu wa kufunga nondo, alimwona, akamvuta kwenye kivuli cha lori, akammwagia maji shingoni, akamkorogea maji yenye chumvi na sukari. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya maneno kumi. Alilala siku moja bila malipo, akarudi getini. Leo yuko sawa.

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Joto halina wingu la kukuonya. Linakuja na anga safi ya buluu, siku nzuri ya kupiga picha. Ndiyo maana utabiri wa joto la mapema una kazi kubwa kuliko tunavyoupa. Siku hizi utabiri unaweza kuonya kuhusu wimbi la joto siku kadhaa kabla halijafika. Muda huo unatosha kwa foremani kugawa zamu upya, kwa kampuni kuleta maji na turubai, kwa mgeni kuanza kazi alfajiri badala ya adhuhuri. Katika historia hii yote sijaona mahali ambapo ujuzi ulikosekana kwa muda mrefu. Kilichochelewa kila mara ni uamuzi wa kuutumia kwa ajili ya mtu anayelipwa kidogo.

Najua kuna msomaji wa makala hii ambaye ana karatasi za safari kwenye bahasha ya kaki, na ajenti anayempigia kila siku kumwambia alipe salio. Mshahara umeuliza. Malazi umeuliza. Ongeza maswali matatu. Nitafika mwezi gani? Siku ya kwanza nitafanya kazi saa ngapi nje? Na joto likiwahi kabla ya tarehe ya sheria, nani atasimamisha kazi?

Akikuambia usijali, huko ni jangwa na utazoea tu, mwambie ndiyo, mwili huzoea. Unachukua wiki mbili. Halafu muulize hizo wiki mbili ziko wapi kwenye kandarasi.